Namba ya Mama

Mimi ni mpishi. Sikuwa nahodha wala mhandisi, na katika meli yetu hakuna aliyeniuliza tupite njia gani. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu 19 wanakula mara tatu kwa siku. Nalisema hili mapema ili usitarajie hadithi ya ushujaa. Sikumpokonya mtu bunduki. Sikuruka baharini usiku nikaogelea hadi pwani. Nilipika. Siku 193 nilipika, na Mwenyezi Mungu akataka nirudi kwa mama yangu nikiwa hai. Alhamdulillahi.

Naandika kwa ajili yako wewe mwenye mtu baharini ambaye simu yake haipatikani. Pia kwa ajili yako uliyerudi, unayeambiwa kila siku ushukuru kwa kupona, nawe unashukuru kweli, lakini usiku hulali.

Nimezaliwa Likoni, Mombasa. Baba alikuwa baharia, akafariki nikiwa darasa la saba, na mama akatulea watoto wanne kwa mahamri na mbaazi za asubuhi. Nilipopata kitabu changu cha ubaharia alilia, kisha akanipa sufuria yake ndogo niende nayo. Nilipopata mshahara wa kwanza nilimnunulia simu na laini. Hakuwa na mazoea ya simu, kwa hiyo nikamwandikia namba yake kwa makaa kwenye mlango wa jiko, kwa tarakimu kubwa, ili akiulizwa aelekeze mtu akaisome. Watu wa nyumbani walinicheka. Mimi, kwa kuiandika na kuisoma kila nilipoingia jikoni, niliishika kwa moyo. Ndiyo namba pekee niliyokuwa nayo kichwani.

Novemba 2010 tulitoka Sharjah kuja Mombasa na Dar es Salaam. Tulibeba vigae, magari ya mtumba na mali mchanganyiko. Meli ilikuwa kongwe, mwendo wake maili tisa za baharini kwa saa ikiwa na afya nzuri, na ubavu wake ulikuwa chini karibu na maji. Hatari tuliijua. Miaka miwili nyuma Mombasa nzima ilizungumzia meli ya Faina, iliyotekwa Septemba 2008 na vifaru 33 ndani yake. Mwezi mmoja tu kabla ya safari yetu, maharamia walikuwa wameiteka meli ya uvuvi ya Golden Wave ikiwa na Wakenya 39. Mwenye meli yetu alitununulia roli chache za seng'enge. Zilitosha kuzunguka shetri tu.

Mtu wa pwani anajua kaskazi na anajua kusi. Katikati yake kuna maleleji, wengine huita tangambili, upepo unapokuwa haujaamua na bahari inalala kama mafuta kwenye sinia. Wazee wetu waliupenda msimu huo kwa uvuvi. Maharamia nao waliupenda, kwa sababu boti ndogo ya fiberi haiwezi kuikimbiza meli kwenye mawimbi ya kusi.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 8, baada tu ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikasikia mlio wa mashine za boti, mbili, zikiwa mbali, kama nyuki kwenye kopo. Kisha king'ora chetu. Kisha risasi. Moja ilitoboa ukuta wa jiko ikaipiga birika. Niliingia chini ya meza, mikono bado ina unga. Niliwasikia wakiweka ngazi ubavuni, chuma kikigonga chuma. Kutoka mlio wa kwanza mpaka miguu juu ya sitaha sidhani zilifika dakika 20.

Wa kwanza kuingia jikoni alikuwa kijana asiye na viatu. Labda miaka 17. Alinielekezea bunduki, akanitazama pale chini, akautazama ule unga juu ya meza. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Nairobi:

“Malizia.”

Alikuwa amekulia Eastleigh, nilikuja kujua baadaye. Basi nikainuka, nikamalizia zile chapati. Zilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kupika, na walizila zote.

Walitupeleka kaskazini mpaka Garacad, kijiji cha pwani ya kati ya Somalia. Tuliposhusha nanga tulikuta meli nyingine zimetiwa nanga pale, kubwa na ndogo, kama tuko bandarini. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Wenye kuiba kwa kuvizia hujificha. Hawa hawakujificha. Boti za chakula zilikuja na kwenda mchana kweupe, mbuzi wakapandishwa kwa kamba, miraa ikaletwa kwa mafungu. Miraa yenyewe ilikuwa ikifika kutoka kwetu Kenya. Mwaka ule wa 2010 mabaharia 1,181 walitekwa duniani, na meli nyingi kati ya zilizotekwa zilichukuliwa na Wasomali. Lakini pale hukuwa hesabu. Ulikuwa mtu mmoja mwenye godoro moja kwenye chumba cha watu 19.

Idi ya Kuchinja ilitukuta hatujatimiza siku kumi. Walileta mbuzi saba wakaniambia nipike pilau. Waliswali Idi juu ya sitaha yetu, bunduki zikiwa zimelazwa mbele yao, nasi Waislamu wa meli tukaswali nyuma. Nieleze jambo dogo hapa. Meli iliyo nangani haikai, inazunguka kwa upepo na mkondo. Ukianza rakaa ya kwanza umeelekea kibla, ya mwisho huna hakika umeelekea wapi. Mkubwa wao alikuja kuniuliza mimi kibla ni upande gani, nami nikaenda kumuuliza ofisa wa zamu kwenye dira. Mtu aliyeniteka ananitegemea nimwonyeshe pa kusujudia! Nimelifikiria sana jambo hilo. Sijapata la kulisema zaidi ya kwamba lilitokea.

Walikuwa na maelezo yao, na sitaki kuyaficha. Wazee kati yao walisema serikali yao ilianguka mwaka 1991, meli za kigeni zikaja kukomba samaki wao, nyavu zao zikakatwa, wao wakajifanya walinzi wa pwani. Nilisikiliza. Mimi mtu wa Likoni najua mvuvi anavyoumia akikatiwa nyavu. Ila aliyekuja kunipiga hakuwa mvuvi na hakuwahi kuvua. Alikuwa ameajiriwa.

Desemba ndipo walipoanza kutupigisha simu nyumbani. Mwenye meli hakuwa akipokea, kwa hiyo walitaka familia zetu zimlilie. Walitupanga sitahani, kila mmoja atoe namba. Hapo ikajulikana kwamba wengi wetu hatukuwa na namba kichwani. Zilikuwa kwenye simu, na simu zilikuwa zimechukuliwa siku ya kwanza, kadi zikatupwa baharini. Mtu mzima mwenye watoto watatu alisimama pale anatetemeka, hajui namba ya mke wake. Walimpiga wakidhani anaficha.

Mimi niliitaja. Nilifumba macho nikauona mlango wa jiko, nikaisoma.

Ilikuwa jioni. Ikaita. Ikapokewa.

“Nani?”

“Mimi, mama.”

Kimya. Kisha mama yangu akaniuliza: “Umekula?”

Sikupata kujibu. Walinipiga kwa kitako cha bunduki mgongoni, ili asikie. Nikalia, akasikia. Mfasiri wao akaniamrisha niseme wauze nyumba. Nikasema, mama, wanasema muuze nyumba. Akasema, “Nyumba gani mwanangu, hii ya makuti?” Wakanipiga tena. Simu ikakatwa.

Sikulala siku hiyo. Mgongo haukuwa ndio tatizo. Nilikuwa namfikiria mama amekaa kwenye kile kibao chake, simu mkononi, nami ndiye niliyempa.

Januari walifanya jambo ambalo hadi leo linanitia aibu, ingawa sikuwa na hiari. Waling'oa nanga wakatupeleka bahari kuu na meli yetu, boti zao zikiwa zimepandishwa juu, kwenda kuwinda meli nyingine. Meli iliyotekwa ndiyo iliyowabeba, ndiyo iliyowapa maji na mafuta na chakula. Kwa siku 16 niliwapikia watu waliokuwa wanatafuta wengine wa kuwafanya kama mimi. Siku moja helikopta ya jeshi ilituzunguka. Walitutoa sitahani tukapigishwa magoti, bunduki visogoni, ili marubani watuone. Nilimwona mmoja wao, kofia na miwani. Alikuwa karibu. Kisha wakaondoka. Sikumlaumu, angefanya nini? Lakini mlio ule ulipopotea, niliona kama dunia yenyewe imetusogelea, ikatutazama, ikaamua kuendelea na safari yake. Hawakupata meli. Tukarudi Garacad.

Sasa chakula. Wao walikuwa na chao, mchele na tambi na mbuzi. Chetu kilikuwa kwenye ghala langu, nacho walikuwa wamekula karibu chote katika miezi miwili ya kwanza. Kufikia Februari mwishoni nilikuwa na magunia mawili na nusu ya mchele, yenye fukusi. Nilichukua kopo la maziwa, nikalifanya kibaba. Makopo sita kwa siku, watu 19. Nahodha alitaka nane. Nikamwambia, nahodha, mchele huu haujui cheo. Alikasirika, halafu akaninyamazia, halafu akaja jikoni usiku kuniambia niendelee na sita. Maji tulikuwa tunayateka tangi la chini, rangi ya chai ya rangi, yenye kutu. Nilikuwa nayachuja kwa kitambaa cha fulana. Ukoko wa sufuria tuliugawa kwa zamu, tena kwa orodha iliyoandikwa, kwa sababu watu wazima walikwishagombana hadi kushikana makoo kwa ajili ya ukoko.

Tulikuwa na serahangi wetu, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitaha, mzee wa Kutch kule India, umri kama wa baba yangu. Aliniita beta, yaani mwanangu. Babu zake walikuwa wakija Mombasa na majahazi na vigae, kwa hiyo maneno machache ya Kiswahili aliyarithi: jahazi, maji, chai, pole pole. Alikuwa na sukari, ile ya ugonjwa. Dawa zake zilikwisha Januari. Tuliwaomba. Nahodha aliomba. Mimi nilimwomba yule kijana wa Eastleigh, naye nadhani kweli alijaribu, maana siku moja alileta vidonge, vikawa vya malaria.

Mguu wa serahangi ulianza kunuka. Alikuwa akiniambia, “Beta, pole pole.” Sijui alikuwa akinituliza mimi au anajituliza mwenyewe.

Alifariki mwezi wa Machi. Alfajiri. Nilikuwa nimempelekea uji.

Wakakataa tumzike. Walisema maiti ni ushahidi, mwenye meli atalipa haraka. Wakasema awekwe kwenye jokofu la nyama.

Jokofu langu.

Tulimfunga kwa shuka. Tukamweka. Nilitoa rafu moja ili atoshe.

Kila siku nilipita mbele ya mlango ule. Mara tatu kwa siku. Niliendelea kupika. Makopo sita.

Siku ya sita dizeli ya jenereta ikaisha. Jokofu likanyamaza. Hapo ndipo wakatukubalia. Tulimwosha kwa maji ya bahari, kwa kuwa ya tangi yalikuwa ya kunywa. Mpemba mmoja kati yetu, msaidizi wa mashine, ndiye aliyeswalisha. Tukajipanga safu moja. Nikasikia vishindo nyuma yetu. Walikuwa wao. Waliweka bunduki chini wakaunga safu ya pili. Takbiri nne. Wao waliomnyima dawa, nyuma yangu, wakisema amina. Sikujua nimwombee nani, nimwombee nini.

Kisha tukamtelezesha.

Usiku ule nilitoka peke yangu mpaka tezi. Mlinzi alikuwa amelala, miraa imemwishia. Hapakuwa na taa. Maji yalikuwa meusi na yametulia kabisa. Nilishika chuma cha ukingo. Nikapandisha mguu mmoja. Sikuwa nalia. Nakwambia haya kwa sababu pengine na wewe umewahi kusimama mahali kama pale, na najua si mahali pa makelele. Ni mahali pa kimya. Niliona ni jambo jepesi. Nilijiambia mama atalia mara moja, yaishe, kuliko kupigiwa simu tena na tena.

Sijui nilisimama muda gani.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mpemba, kutoka mlango wa jiko, sauti ya mtu aliyekereka:

“We mpishi! Chumvi umeiweka wapi?”

Alikuwa ameamka anaumwa na jino, anataka kusukutua kwa maji ya chumvi. Na chumvi kweli nilikuwa nimeificha, maana ilikuwa imebaki kidogo, na ni mimi peke yangu niliyejua ilipo. Nikashusha mguu. Nikaenda kumwonyesha. Nyuma ya mfuko wa dengu, rafu ya chini. Akasukutua, akatema, akanitazama usoni kwa mwanga wa kibiriti, na nadhani alielewa. Hakuniuliza kitu. Alikaa na mimi jikoni mpaka alfajiri akinisimulia jinsi wanavyovuna karafuu kwao Wete, na matawi yanavyowavunjikia, na nani alianguka mwaka gani akavunjika nini. Sijapata kusikiliza habari za karafuu kwa makini vile.

Mimi nasema Mungu ndiye aliyemwamsha kwa jino lile. Kama wewe una maelezo mengine, sitabishana nawe.

Nyumbani nako, kumbe, hawakuwa wamekaa bure. Haya nimeyajua baadaye. Ami yangu na wazee wa msikiti walitaka isomwe Halbadiri, kile kisomo cha laana, dhidi ya maharamia. Mama akakataa katakata. Alisema, “Na mwanangu yuko katikati yao, mtamtenga vipi?” Basi ikasomwa Yasini kila Alhamisi usiku, siku zote zile, na mama akikaanga mahamri ya kuwapa wasomaji. Majirani Wakristo walikuwa wakipita kanisani kwao kuniombea kwa jina. Wote walichangisha pesa, zikafika shilingi 86,000. Benki ya Dunia ilikuja kukadiria kwamba kati ya 2005 na 2012 fidia zilizolipwa kwa maharamia wa Somalia zilikuwa kati ya dola milioni 339 na 413. Shilingi 86,000 za Likoni hazikuwa kitu mbele ya fedha hizo. Mama alizihifadhi kwenye kopo la kakao, na hakumruhusu mtu azitumie kwa lolote.

Golden Wave ilipoachiliwa Februari 2011, alipata matumaini, kisha akaumwa, kwa sababu wa wenzake walikuwa wamerudi na wake bado.

Simu alikuwa akiifunga kwenye pindo la kanga, mchana na usiku. Umeme ukikatika alivuka mtaa kwenda kuichaji kwa wenye jenereta. Matapeli walimpata. Walipiga wakijifanya mawakala, tuma elfu kumi tumwachilie mwanao. Alituma mara mbili. Mjomba akamwambia tupa laini hiyo, chukua mpya, usije ukafa kwa presha. Hata wengine wenye nia njema walimwambia hivyo. Akawajibu, “Mwanangu anaijua hii tu.”

Aprili walinipa simu tena. Nilikuwa nimeamua nisipige, nitaje namba ya uongo, nimpumzishe. Nilipofumba macho ule mlango ukaja wenyewe, nikaitaja. Akapokea kabla haijaita mara ya pili. Safari hii hakuniuliza kama nimekula. Alisema mbiombio, kama mtu anayejua ana sekunde chache:

“Mkeo kajifungua, mtoto wa kike, wazima wote, jina tunakungoja wewe.”

Wakanipiga, lakini nakwambia sikusikia kitu. Nilikuwa nimeondoka nikiacha mimba ya miezi mitano. Mtoto alikuwa na mwezi mzima duniani hana jina, ananingoja mimi. Tangu siku hiyo tezi sikwenda tena usiku.

Mei upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza kupiga. Mazungumzo yalifika mwisho bila sisi kuambiwa, kama yalivyoanza. Siku ya Alhamisi tulipangwa sitahani tuhesabiwe, na kindege kidogo kikapita juu, kikazunguka, kikatuhesabu. Mara ya pili kikadondosha mzigo kwa mwavuli, ukaangukia majini, boti zikaukimbilia. Usiku kucha walikuwa kwenye chumba cha nahodha na mashine ya kuhesabia noti, na ugomvi, na risasi moja iliyopigwa hewani. Nilijua tunaweza kufa usiku ule kuliko usiku mwingine wowote.

Ijumaa alfajiri walianza kushuka. Yule kijana wa Eastleigh alikuja jikoni. Sasa alikuwa na viatu. Alisimama pale pale aliposimama siku ya kwanza.

“Mpishi, nisamehe.”

Nilimwambia, “Nenda.” Akaenda. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu.

Manowari moja ilitupatia mafuta, maji safi na daktari. Siku ya sita tukaiona Mombasa. Meli ikiingia Kilindini inapita katikati ya ufuo wa Mama Ngina na Likoni, karibu kabisa, na feri husimama kuipisha. Nilikuwa nimesimama omo. Watu kwenye feri walituangalia kama wanavyoangalia meli yoyote iliyochakaa, wengine wanakula mihogo. Nikatafuta paa la kwetu, halionekani kutoka majini. Mama hakuwepo bandarini. Alikuwa ameambiwa mara mbili kabla ya hapo kwamba nafika leo, ikawa uongo, kwa hiyo safari hii alisema atakaa nyumbani apike. Nilipoingia uani alikuwa amenipa mgongo, anageuza mahamri. Nikatoa salamu. Akaitikia bila kugeuka, kama kwa mteja. Kisha akaacha kugeuza. Mahamri yale yaliungua yote.

Namba ilikuwa bado iko mlangoni.

Sikurudi baharini. Kutoka kwa mwenye meli nilipata mishahara ya miezi miwili, iliyobaki nimeacha kuidai. Waliotufanyia haya sijawahi kuwaona mahakamani, ingawa ile mahakama ya Shimo la Tewa ya kesi za uharamia ilikwishafunguliwa tangu 2010, na wenzao wengi wakafungwa. Nina kibanda cha chakula karibu na kivuko, na wateja hawajui. Lakini utaniona nikisikia boti ya mashine naacha mwiko. Na nyumbani sikai bila gunia moja la mchele la akiba ambalo halifunguliwi. Mke wangu ananicheka, kisha ananisaidia kulianika lisipate fukusi. Kwa miaka mitatu sikuweza kufungua jokofu la mtu yeyote. Sasa naweza, nikisoma kwanza Bismillahi. Kilichonisaidia ni kumwambia mtu. Kwanza Mpemba kwa simu, kisha mke wangu, kisha mshauri mmoja kwenye kituo cha mabaharia. Kama umerudi na umenyamaza, nakusihi utafute angalau mmoja wa kumwambia. Usingoje wakuulize. Hawajui wakuulize nini.

Tulidhani mambo ya maharamia yamekwisha. Wenzetu wa meli ya Iceberg 1 walikaa karibu siku 1,000, wa Naham 3 zaidi ya miaka minne na nusu, wakila hata panya, hadi Oktoba 2016. Kisha kukawa shwari miaka kadhaa. Desemba 2023 maharamia wakaiteka meli ya Ruen. Machi 2024 wakaiteka Abdullah, na Wabangladeshi 23 ndani yake, Ramadhani ndiyo kwanza imeingia. Walifunga mwezi wote wakiwa mateka, wakaswali Idi juu ya sitaha. Niliona picha ya ile swala. Nilifunga kibanda siku ile nikaenda kukaa kwa mama.

Mama sasa ni mzee, simu yake ni nyingine, ya kubonyeza, na kioo kimepasuka. Laini ni ile ile. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye mtu baharini, watakaokushauri ni wengi na wengine wana nia njema. Namba usiibadilishe. Na wewe unayeondoka kesho na begi lako, shika namba moja kwa moyo kabla hujapanda.